Kivuli Kwenye Kozi ya Nne

TANGAZO RASMI. Kwa wasomaji wote waheshimiwa wa ukurasa huu, kwa wakazi wa Plovdiv, kwa mwalimu wangu wa nidhamu na kwa yeyote mwenye masikio: mimi, Evlogi Tashkov, mwanafunzi wa shule ya bweni na mwandishi wa historia ya Maonyesho ya Ujenzi Unaotunza Dunia, natamka kwa uzito wote kwamba katika jambo la uzi uliokutwa ndani ya ukuta wa Mjomba Kuzman sikuhusika, sihusiki, wala sitahusika.

Mwisho wa tangazo. Mnaweza kuketi.

Naomba pia ikumbukwe kwamba siku ile nzima mkono wangu wa kushoto ulikuwa mfukoni, kama wa waheshimiwa kwenye sanamu zao. Ilikuwa ni heshima tu. Hapakuwa na sababu nyingine.

Wiki iliyopita tulimwacha Mjomba Kuzman katika Ukumbi wa Saba, mwiko mkononi, macho yamemtoka, akiikodolea ncha ya uzi wa buluu iliyochungulia katikati ya matofali yake ya udongo, kozi ya nne, yaani safu ya nne kutoka chini.

"Nani," aliuliza, "ameweka kitu hiki kwenye ukuta wangu?"

Mimi nilikuwa naangalia dari.

Basi akaishika ncha kwa vidole viwili, akavuta. Uzi ukatoka polepole, mzima, umeganda tope, kama mnyoo asiyetaka kuamshwa.

"Haya, umetoka," alisema Dada Zora, binti yake. "Mambo yamekwisha. Endelea kusawazisha, Baba, kamati inakuja."

"Uzi umetoka," alisema Mjomba. "Kivuli kimebaki."

Kwa wale mliolelewa na bibi wasiosimulia kitu: fundi wa zamani akitaka ukuta usianguke, alimvizia mtu kwenye jua la mchana, akapima kivuli chake kwa uzi, akaukata, kisha akaujengea uzi ule ndani ya ukuta. Ukuta ulisimama. Mwenye kivuli hakuiona siku ya arobaini akiwa hai. Na uzi ukishalala humo usiku mmoja, kuutoa hakusaidii. Kinachosaidia ni kuuvunja ukuta, kivuli kipate pa kutokea.

Na ukuta ule haukuwa wa kuvunjwa.

Baada ya chakula cha mchana ingekuja kamati iliyokuwa ikitafuta fundi wa kujenga chekechea mpya kijijini Brestak, kwa kuta zisizokula misitu wala kuchoma mafuta. Wangeumwagia maji ukuta wa Mjomba, wangeusukuma, wangeubebesha mizigo. Mwaka jana, ukumbi huohuo, paa lilivuja, na ukuta wa Mjomba ukalala chini mbele ya kamati hiyohiyo, juu ya sinia la soseji.

Safari hii Dada Zora alikuwa amekuja kutoka Stuttgart na tiketi mbili za kurudia. Ukuta ukifaulu, Mjomba anabaki na karakana yake, udongo wake na punda wake. Ukishindwa, tiketi ya pili ni yake: ghorofa ya tano, ugenini, kumwagilia maua ya roshani hadi Mungu amkumbuke.

Karakana hiyo ndiko ninakolala likizo zote. Shule ikifungwa sina pengine pa kwenda. Lakini hilo ni la kando.

"Baba," alisema Zora, "wewe ni mtu mzima. Umejaza banda lako mabango ya sayansi. Halafu unaogopa uzi?"

"Babu yangu alimpima kivuli Stanimir, mwashi mwenzake. Stanimir alikufa kabla ya arobaini."

"Stanimir alikuwa mlevi!"

"Alilewa maisha yake yote bila kufa."

Zora akageuka, akanitafuta. Mtu akikosa jibu huwa ananitafuta mimi.

"Evlo. Hebu njoo."

"Dada, kabla hujasema neno," nilisema, "chura kwenye bakuli la mkuu wa shule alikuwa wangu. Dawa ya meno kwenye vitasa vya bweni zima ilikuwa yangu. Kengele iliyolia saa kumi alfajiri, yangu. Mimi huwa nakiri. Sasa je, nimekiri uzi?"

"Hujakiri."

"Basi."

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Nilinusurika kwa sababu Bwana Pankov alitokea. Huyu banda lake lilitazamana na letu. Alikuwa akiuza mbao zilizooteshwa kwa uyoga, na yeye pia aliitaka chekechea ya Brestak kwa meno yote.

"Vipi, Fundi Kuzman?" aliita. "Supu ya udongo ya mwaka huu imeiva? Nilete mkate?"

"Ni wewe!" Zora alimrukia. "Wewe ndiye uliyeweka uzi! Unajua baba yangu hawezi kusimama karibu na kitu kama hiki!"

"Uzi gani?"

Mjomba aliuinua. Ulining'inia mkononi mwake kama timazi, kamba ya fundi ya kupimia wima, isiyo na jiwe.

Nikasubiri Pankov acheke. Nilimwombea acheke. Badala yake uso wake ukawa na rangi ya bidhaa zake.

"Jana mchana," alisema polepole, "nilikuwa hapo uani navuta sigara. Jua lilikuwa mgongoni. Kivuli changu chote kilikuwa chini, kimelala tu, bila ulinzi." Akamshika Mjomba bega. "Fundi, vunja. Nakusihi. Mimi mwenyewe nitakushikia ndoo."

"Unataka avunje ili ushinde wewe!" alisema Zora.

"Dada, nina watoto!"

"Watoto wako wana ndevu!"

"Wenye ndevu nao hulia!"

Hapo ndipo Injinia Paskaleva, mwenyekiti wa kamati, alipowasili, mapema kuliko ilivyotarajiwa, helmeti nyeupe kichwani na pimamaji mpya kwapani. Akasikiliza kesi yote. Akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyesoma.

"Mabwana, tuko karne gani hii? Tumekuja kuzungumzia nyumba za kesho."

Nilimpenda mama yule. Nilikaribia kumpigia makofi, ila nilikuwa na mkono mmoja tu ulio huru.

Kisha akakohoa.

"Lakini kwa kujua tu, Bwana Kuzman. Huyo anayepimwa, ni lazima awe jamaa wa fundi? Au hata mgeni?"

"Hata mpita njia, Mama Injinia."

"Hata mpita njia." Akalitazama jua mlangoni. "Jana nilipita hapa mchana."

Watu wote bandani wakarudi hatua moja kutoka kwenye jua.

Naomba nieleze hali yangu, kwa faida ya historia. Nikisema ninachokijua, Mjomba anauvunja ukuta. Nikinyamaza, Mjomba anauvunja ukuta. Nimefanya mitihani mingi migumu na mingine nimeiibia, lakini sijawahi kukutana na swali lenye majibu mawili, yote makosa.

"Basi tupime," alisema Injinia Paskaleva. "Kisayansi. Jua lilelile la mchana, ua uleule, mtu mmojammoja. Tukimpata mwenye kivuli tutazungumza."

"Haiwezekani!" nilisema. Wote wakanigeukia. "Namaanisha, kivuli hubadilika kila siku, Mama Injinia. Dunia huzunguka. Tulifundishwa."

"Kati ya jana na leo, kijana, tofauti haizidi unene wa ukucha. Shule gani hiyo?"

Nikaitaja shule nyingine.

Basi Ukumbi wa Saba wote ukahamia uani. Habari ilikuwa imeshazunguka mabandani, na wakapanga foleni: wauzaji wa paneli za jua, mabinti wa rangi zisizo na sumu, daktari wa uhandisi mwenye tai, kijana aliyekuwa anatangaza choo kisichotumia maji. Kila mmoja alisema amekuja kwa mzaha tu. Kila mmoja alikuwa amevua kofia.

Mjomba alipiga magoti mbele ya kila mtu, akakanyagisha ncha ya uzi chini ya kisigino, akaunyoosha hadi kichwani mwa kivuli. Alifanya hivyo kwa adabu, kama anayempima mteja suti.

Uzi ukawa mfupi kwa daktari mwenye tai. Ukawa mfupi kwa mabinti wa rangi. Ulipokuwa mfupi kwa Pankov, tena kwa kiganja kizima, alimbusu Zora mkono kabla hajauondoa, akaenda kununua bia.

Kwa Injinia Paskaleva uzi ulifika mabegani tu. Akaweka koti lake sawa.

"Upuuzi mtupu," alisema. "Nilisema tangu mwanzo."

Mimi nilikuwa chini ya paa, kwenye kivuli cha jengo, ambako mtu hana kivuli chake mwenyewe. Nilikuwa nakula banitsa, andazi la jibini, kwa mkono wa kulia. Haikuwa na ladha yoyote.

"Yule kijana hajapimwa," alisema mtu wa choo.

"Kichwa kinaniuma," nilisema. "Jua limekatazwa na muuguzi."

Huenda ingeishia hapo. Foleni ilikwisha, watu wakaanza kucheka kwa sauti za waliopona. Nami nikaanza kuamini kwamba Mjomba angechoka, angekunywa kahawa, angesahau.

Lakini Mjomba alibaki amepiga magoti, akiupitisha uzi kati ya vidole.

"Ni mfupi kwa watu wazima wote," alisema.

"Si ndiyo vizuri?" Zora aliuliza.

"Ni wa mtoto."

Vicheko vikakatika.

Jana asubuhi walikuja watoto wa chekechea, wale wenyewe wa Brestak, na vizibao vyao vya njano. Mjomba aliwafundisha kukanda udongo na mabua ya ngano. Kisha akamnyanyua kila mmoja, apachike konzi moja ya udongo kwenye ukuta na kuacha alama ya kiganja. Walikaa uani hadi mchana wakila tikiti maji, vivuli vyao vimetapakaa kila mahali.

"Mmoja wao," alisema Mjomba. "Nimemnyanyua kwa mikono yangu. Nimemcheka meno yake yasiyokuwepo. Na kumbe yumo ukutani."

Akasimama. Akaingia ukumbini. Tukamfuata wote, na tulipomfikia alikuwa ameshatoa sururu chini ya meza.

Injinia Paskaleva alivua helmeti yake.

"Bwana Kuzman, nisikilize. Ukuta huu ndio pekee niliokuja kuuona kwa moyo. Lakini ukiuvunja sina cha kupima. Kamati haipimi vumbi. Sitakuwa na la kukusaidia."

"Najua, Mama Injinia."

"Baba." Zora alikuwa analia, na kwa Zora hilo halikuwa jambo la kila mwaka. "Mimi ndiye niliyetaka uje Stuttgart. Tangu mwaka jana nataka. Lakini si hivi! Usije kwa sababu ya uzi!"

"Ile tiketi, mwanangu," alisema Mjomba, "usiirudishe."

Akatema mate viganjani.

"Mjomba!" niliita. Sauti ilitoka kama ya panya aliyebanwa mlangoni. "Huenda si mtoto!"

"Ni nani basi? Uzi si huu?"

"Huenda ni mtu mzima. Mtu mzima wa kimo cha wastani. Wastani wa chini. Ambaye bado anakua."

Nikajua nimekosea kabla sentensi haijaisha. Zora aliacha kulia. Aliacha kama bomba lililofungwa, akageuka na kunitazama kuanzia kichwani, safari ambayo kwa mtu kama mimi haichukui muda, hadi miguuni. Kisha macho yakapanda tena na kusimama kiunoni.

"Evlo. Toa mkono mfukoni."

"Ni heshima, Dada."

"Toa."

"Kuna wageni."

"Suruali hiyo ni ya michezo, ya shule. Nilikununulia mimi. Ilikuwa na kamba ya buluu." Akanyoosha kidole kwenye matundu mawili matupu. "Kamba iko wapi?"

Wahenga wanasema siku za mwizi ni arobaini. Zangu hazikutimia mbili.

Alinikokota juani kwa sikio. Nilisimama wima, nikishikilia suruali kwa mkono wa kushoto na hadhi yangu kwa wa kulia. Mjomba akapiga magoti kwa mara ya mwisho. Kisigino. Akanyoosha. Kichwa.

Ulilingana. Haukubakiza hata pa kupita sisimizi.

"Nani alikupima?" aliuliza, bado ameinama.

"Nilijipima."

"Mtu hawezi kujipima kivuli. Akiinama, nacho kinainama."

"Nilisimama wima nikarusha kofia hadi ikatua kichwani mwa kivuli, kisha nikapima hadi kwenye kofia. Nilirusha mara nyingi."

Mtu mmoja nyuma alicheka, na hapo nikaona mlango wa kutokea. Kama ni mzaha, hakuna kivuli. Kama hakuna kivuli, hakuna sururu. Nikapanua kinywa, nikatoa kicheko changu bora kabisa, kile kilichowahi kuambukiza kanisa zima.

"Nimewapata!" nilipiga kelele. "Wote! Daktari na tai yake! Ni mzaha tu, Mjomba! Cheka!"

Pankov, aliyekuwa amerudi na bia yake, alianza kucheka. Injinia Paskaleva akashusha pumzi. Hata Zora mdomo ulimtetemeka.

Mjomba hakucheka.

"Mzaha huachwa uonekane," alisema. "Chura wako ulimweka kwenye bakuli lenye mfuniko ambao mtu yeyote angeufungua. Uzi huu uliulaza katikati ya matofali, ukaujazia udongo juu, ukapitisha mwiko. Nadhani hata mwiko uliuosha. Kama udongo usingenywea kwa joto la taa za ukumbini, nisingeuona hadi nife." Akaniangalia, bado amepiga magoti, na kwa mara ya kwanza tulikuwa kimo kimoja. "Hukutaka tuuone, Evlo. Wewe hukuwa unacheza."

Wasomaji, nimeshakamatwa na walimu, na walinzi, na padri, na mara moja na bata. Sikuwahi kukamatwa namna hii. Wengine wote walinikuta nafanya mzaha.

"Mwaka jana ulianguka," nilisema. "Uliokota udongo wako kwa mikono, watu wakipita na soseji. Nilitaka huu usimame. Bibi alikuwa akisema ukuta unahitaji kivuli cha mtu, na sikutaka kumuua mtu wa watu. Changu kilikuwa karibu."

Mtu wa choo alijipangusa jicho kwa kipeperushi.

Mjomba aliukunja uzi mara nne, akautia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Akanishika kisogo, akakibana, kama anavyomfanyia punda wake anapomridhisha. Kisha akarudi ukumbini, akaokota sururu.

"Mjomba, hapana! Mimi siamini mambo hayo! Nimesoma fizikia!"

"Vizuri. Basi wewe utalala," alisema. "Mimi nitalalaje siku arobaini?"

"Utaenda ghorofa ya tano!"

"Nitaenda."

"Utamwagilia maua!"

"Nitayamwagilia."

"Na mimi nitakwenda wapi?"

Hilo halikuwa kwenye mpango. Lilitoka lenyewe. Alisita, mpini begani, na nikaona limemfika. Halafu akatikisa kichwa kushoto na kulia, ambavyo kwetu ndiyo kukubali, polepole, kama mtu anayekubali deni lake.

"Utakuwa hai," alisema. "Mengine tutaona."

Nyuma yetu wajumbe wa kamati walikuwa wanaingia mmojammoja, wameshiba, na ndoo zao za maji ya mtihani. Injinia Paskaleva aliinua mkono kuwazuia mlangoni. Ukuta ulikuwa umesimama mbele yetu, mnyoofu, umejaa viganja vidogo, mzuri kuliko kitu chochote katika ukumbi ule. Sururu ikapanda.

Niliukamata mpini kwa mkono wa kulia. Haukusimama. Mkono mmoja wa mwanafunzi hauwezi kitu mbele ya fundi wa matofali.

Basi lile tangazo la juu nalifuta, mhariri alipige mstari. Nilihusika. Nilijua ninachokifanya, na ningeambiwa nirudie ningechagua kozi ya chini zaidi, mahali pasipofika joto la taa.

Nikatoa mkono wa kushoto mfukoni. Nikaushika mpini kwa mikono yote miwili, na suruali ya shule ikashuka mbele ya kamati nzima. Nikafumba macho. Mjomba alivuta pumzi, sururu ikaendelea kupanda, nami nikapanda nayo, hadi miguu yangu ikaachana na sakafu.